Maada Haipotei

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nikifundisha fizikia Garissa. Kaka yangu alishushwa kwenye lori la mbuzi katika kizuizi cha polisi barabara ya Liboi, ati kitambulisho chake kina kasoro, na hatukumwona tena. Kituoni kwa polisi niliambiwa, "Hapa hayupo, mwalimu." Asubuhi nawafundisha watoto wa watu kwamba maada haipotei, mchana jitu la miraba minne limepotea!

Mama yetu, hooyo, hakutaka aswaliwe sala ya maiti aliye mbali mpaka ijulikane kweli amekufa. Shemeji yangu naye hakujua ni mke au mjane. Hata eda hakuweza kukaa.

Siku moja, tukiwa tumeshaswali alasiri, redio ikasema wataalamu wa nyota hawaioni sehemu kubwa ya maada ya kawaida ya ulimwengu, hii hii tuliyoumbwa nayo sisi na mbuzi. Wanashuku imetawanyika katika gesi nyembamba, ya moto mno, kati ya makundi ya nyota. Nikamfasiria hooyo.

"Wameuliza visimani?" akauliza. Kwetu ngamia akipotea, kila msafiri anayefika kisimani huulizwa.

Nikamwambia gesi ile haionekani. Wanavizia mwanga wa mbali uliopita humo. Ukifika umepungua kidogo, wanajua ulikutana na kitu njiani.

"Basi na wao wanamuuliza aliyepita," akasema. "Niitie yule dereva."

Wallahi nilichukia. Ulimwengu mzima umetegewa darubini kwa ajili ya gesi, na kwa ndugu yangu hakuna hata wa kuinua simu! Lakini nilikwenda, nikamleta dereva wa lile lori. Tulikuwa tumeshamhoji, akaapa hajui lolote.

Hooyo hakumtaja kaka. Alimmiminia chai ya maziwa, akamuuliza habari za njia ya siku ile, kituo kwa kituo, kama mtu anayetafuta ngamia. Dereva alieleza vizuri: maji, malisho, vumbi. Alipokaribia kizuizi akakiruka, akaendelea na kisima cha mbele.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu," hooyo akasema.

Dereva akainamisha kichwa. Machozi yalimdondoka kwenye chai.

Hooyo akainuka, akachukua birika, akaenda kutawadha. Shemeji akauliza anatawadhia sala gani, na alasiri tumeshaswali. "Ya aliye mbali," hooyo akasema.