Kuwasemea Wahenga

Kuna siku moja, mwanangu, hunijia kila ninaposinzia mchana kwenye roshani hapa Kilimani. Nikifumba macho tu, naiona sebule ya baba kule Kabiria, jua la saa nne likipita kwenye pazia na watu wakinong'ona.

Nilikuwa kijana, nikiandika vijitabu vya mazishi katika duka la uchapishaji Ngara. Kalamu yangu ililipenda neno wahenga, wale watu wa kale kabisa waliotutangulia na kutuachia hekima. Ukurasa ukipwaya, niliandika "wahenga walinena," kisha nikatunga nilitakalo. Wateja walifurahi. Nani angekwenda kuwauliza?

Baba alipofariki, dada yangu Mwende, aliyemuuguza miaka mitatu, aliomba kusoma wasifu wa baba kaburini. Alikuwa ameuandika kwa mkono, kurasa nne. Mimi, kifungua mimba, niliona wivu, nasema kweli. Nikasimama mbele ya jamaa pale sebuleni nikatamka kwamba wahenga walikataza binti kusema mbele ya jeneza la baba. Mwende akakunja karatasi zake, akaenda jikoni.

Basi nilisoma mimi, wasifu nilioutunga mwenyewe, kwa sauti nzito, na watu wakanisifu. Lakini sikujua hata wimbo ambao baba aliuomba siku zake za mwisho.

Tuliporudi kutoka makaburini, Shangazi Syombua, dada mkubwa wa baba, akaniita kando.

"Hao wahenga wako ni akina nani? Taja jina moja."

Akaendelea:

"Mimi nimelelewa na nyanya yangu, na nyanya yake nikamchotea maji. Hakuna mwenye alisema hiyo kitu. Baba yako alitaka Mwende ndiye amsemee. Wewe umefunga mtu mdomo, halafu unasingizia watu wamekufa."

Niliona aibu. Nikamfuata Mwende jikoni, nikamsihi anisomee zile kurasa, hata mimi peke yangu.

"Niliwasha nazo jiko," akasema bila hasira. "Hiyo chai umekunywa ndiyo hiyo."

Tangu hapo, usingizi mwepesi ukinichukua, huwaona wazee nisiowajua wakiketi karibu nami. Hawagombi. Hunitazama tu kwa upole, kama wanaongoja niwaulize jambo, nami huzinduka kabla sijauliza.

Mwanangu, wewe unayependa kuandika, litumie neno hilo. Ni zuri, wala silichukii. Lakini wataje wahenga kwa yale tu uliyoyasikia kweli kutoka kwa waliokutangulia, na la kwako liseme kwa jina lako. Usilitumie kamwe kumnyamazisha aliye mbele yako. Mwende naye alituacha mwaka juzi bila kunisimulia zile kurasa, na mpaka leo sijui aliandika nini kuhusu baba yetu.

Mungu akuzeeshe, mwanangu, na watakaokutaja baadaye wakutaje kwa maneno uliyoyasema kweli.