Kamati Ilipokisoma Kifo cha Tonton

Tonton, mdogo wake papa, alikufa mchana, kwenye kituo cha afya cha komini ya Tshopo, wakati umeme umesharudi na kila mtu anashukuru. Alikuwa mgonjwa wa sukari. Asubuhi ile daktari alimpunguzia dozi ya insulini, akaiandika kwenye kompyuta, na kompyuta ikajibu: imehifadhiwa. Mara umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Uliporudi, muuguzi wa zamu ya mchana alifungua kompyuta, akasoma dozi, akapiga sindano. Kumbe ilikuwa dozi ya zamani, ile kubwa.

Daktari aliapa kwamba aliandika. Muuguzi aliapa kwamba alisoma kilichokuwepo. Familia yetu ilikaa kwenye kilio ikaamua kwamba mmoja wao ni mwongo, na mwongo hawezi kuwa daktari. Tantine, mjane wake, alisema wazi mbele ya watu: "Ule mwanamuke aliniulia bwana." Kituo kikamsimamisha muuguzi kazi.

Mimi nilijua kwamba wote wawili wanasema kweli, na kujua huko kulinichoma roho. Nafundisha programu hapa Kisangani, na kwa miaka kadhaa nimo kwenye kamati ya watu waliotawanyika duniani wanaoandika kanuni za lugha moja ya programu, ile iliyotumiwa kutengeneza programu ya kituo. Kanuni zinasema kila amri ifanye nini, ili mashine zote zielewane. Tunakutana kwa video, na tunaweza kumaliza asubuhi nzima tukivutana juu ya sentensi moja. Kazi yangu ni kuisoma kwa jicho baya, kutafuta tundu. Nilijivunia sana ukali huo.

Sasa tundu lilikuwa limemmeza mtu wetu. Kanuni iliruhusu programu iseme "imehifadhiwa" wakati maandishi bado yako kwenye kumbukumbu ya muda, hayajafika kwenye diski. Ati ni kwa ajili ya kasi. Kwao wenzangu wa kamati umeme haukatiki, donc hakuna shida. Nilikwenda kwa muuguzi nikamwahidi: kamati ikikubali kwamba hilo ni kosa la kanuni, nitampelekea mkurugenzi wa kituo jibu lao, na utarudi kazini.

Nikaandika kisa chote. Wakanirudishia. Kamati ina desturi yake: kisa kinavuliwa mpaka kibaki mifupa. Unaondoa kitu kimoja, unajaribu tena. Tatizo likibaki, ulichokiondoa hakikuwa na maana. Basi nikaondoa kituo. Tatizo likabaki. Nikaondoa insulini, nikamwondoa muuguzi. Likabaki. Nikamwondoa tonton, yeye aliyenibeba kwenda shule juu ya toleka yake, baiskeli ya abiria, na tatizo likabaki palepale, zima kabisa. Nililia siku ile, na sikumwambia mtu. Ilibaki mistari michache tu: fungua faili, andika namba, sema tayari, kata umeme.

Hapo wakafurahi. Na niseme kweli hata kama nina hasira nao: walifanya kazi kuliko ofisi yoyote ninayoijua. Waliijaribu mistari ile kwenye mashine zao, wakachomoa waya ukutani tena na tena, wakaona nilichokiona. Jibu likaja safi, la adabu. Tabia hii ipo, kanuni inairuhusu, kuibadilisha kutazipunguzia kasi programu nyingi zilizopo, kwa hiyo hakuna kosa la kurekebisha. Nilipinga peke yangu. Kwenye kamati yetu mpingaji mmoja anaandikwa kwamba alipinga, halafu kazi inaendelea.

Mkurugenzi alisoma jibu lote mbele yangu, pole pole.

"Bon," alisema. "Wataalamu wako wamechunguza. Wanasema mashine haina kosa. Alors, kosa iko kwa nani?"

Nilimweleza, nikarudia, nikapandisha sauti mpaka watu wakachungulia mlangoni. Haikusaidia kitu. Muuguzi akafukuzwa wiki ileile.

Toleo jipya la kanuni limetoka mwaka huu. Mistari yangu imo, chini ya sehemu inayohusu kuandika faili, kama mfano wa programu iliyofanya inavyoruhusiwa. Mwishoni wamenishukuru kwa uchunguzi makini. Sikutaka muuguzi asikie kwa mtu mwingine, nikamfuata sokoni, ambako sasa anauza pondu, majani ya muhogo. Alinisikiliza huku akipanga majani mafungu mafungu. Hakunikasirikia, na hilo liliniumiza zaidi.

"Kompyuta, waliiandikia kitabu ya kusema ilifanya muzuri," alisema. "Miye, papa, hata bwana yangu mwenyewe anaendelea kuniuliza kama kweli nilisoma ile namba."