Visheti vya Mwenye Nyumba

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile mama alinichokoza tangu asubuhi. Wenzangu kazini walikuwa wamenizawadia siku mbili kwenye ngome moja ya kale iliyogeuzwa hoteli, huku huku Ayalandi tunakoishi, nami nikasema nimpeleke mama akastarehe. Akaingia garini na kopo la visheti mapajani.

"Mama, ile ni hoteli. Imeshalipiwa."

"Wewe! Nikalale kwa watu mikono mitupu?"

Njiani simu yake ikalia. Alikuwa binamu yake wa Kudha, kisiwani kwetu tulikozaliwa, na neno lake lilikuwa lile lile la mwaka mzima: kuna familia imerudi kutoka kambini, haina pa kukaa, na nyumba ya mama imefungwa tangu tulipokimbia vita, paa linaanguka. Awatie?

"Nyumba yangu si gesti!" Akakata. Roho iliniuma. Nilijua anaiweka nyumba ile kwa siku atakayorudi, na magoti yake hata ngazi za kwetu hapa yanazipanda kwa shida.

Mlangoni mwa ngome tulipokewa na bibi mmoja mwembamba, sweta limetoboka kiwiko. Nikampa sanduku abebe. Mama akanifinya.

"Huna haya? Huyu ndiye mwenye nyumba. Hukuona alivyoliangalia zulia tulipolikanyaga?"

Na kweli ndiye. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akamkabidhi kopo, yule bibi akaonja kisheti kimoja pale pale, akafumba macho kwa utamu, kisha akatuchukua jikoni kunywa chai. Kando ya jiko palikuwa na chumba kidogo anacholala yeye. Vyumba vyote vya juu, walimozaliwa wazee wake, ni vya wageni.

Mama akaweka kikombe chini. "Muulize, haoni uchungu watu kulala kitanda cha mamake?"

Niliuliza huku masikio yakiniwaka kwa aibu. Bibi akacheka. "Mwambie niliona uchungu zaidi mvua ilipokuwa ikilala humo."

Nikatafsiri. Mama alikula visheti vyake mwenyewe, vitatu, kimoja baada ya kingine.

Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, kitanda kirefu hata miguu haigusi chini, uso umemkunjuka kama bibi harusi. Alisema hajalala hivyo siku nyingi, na mimi pia nilikuwa nimelala vizuri. Tayari alikuwa anampigia binamu yake, na simu ya mama hupaza sauti chumba kizima kisikie.

"Watie," akasema. "Watie wale watu."

Kisha sauti ndogo: "Dada, nisamehe. Wameshaingia. Tangu Ramadhani."

Loh! Nikajiandaa kwa matusi. Mama alitazama dirishani.

"Paa?"

"Wameezeka."

"Na kuta?"

"Wamepaka chokaa, dada. Nyumba inang'aa."

Nyuma yake watoto walikuwa wakicheka. Mama aliwasikia, akaisogeza simu sikioni ingawa hakuwa na haja. Machozi yalimtoka, naye akitabasamu.

"Basi nisalimie mwenye nyumba," akasema. "Mwambie nikijaaliwa kuja kumtembelea, siji mikono mitupu."