Kamera Niliyomchagulia Mama

Nina dakika saba za mama yangu akitengeneza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na hazina sauti. Picha ni safi ajabu. Unaona moshi ukipanda mbele ya dirisha, unaona leso yake kichwani ilivyopauka, unaona midomo yake ikienda, maana mama alikuwa mtu wa kuongea, akianza hamalizi. Lakini ongeza sauti mpaka mwisho, ni kimya. Nilimzika mwaka jana, na kitu ninachotamani kuliko vyote ni kujua alikuwa akiniambia nini.

Kosa ni langu, wacha niliseme mapema nisije nikaonekana naisingizia kamera.

Mimi hupiga video za harusi. Nimeingia karibu kila kanisa la Bomet na Kericho na kamera yangu ndogo, na maharusi hawajawahi kulalamika. Ila jiko la mama liliishinda. Ni jiko la zamani, kuta za udongo, dirisha moja dogo linaloangalia shamba la chai. Ukifuata mwanga wa ndani, dirisha linakuwa jeupe pepepe. Ukifuata mwanga wa dirisha, mama anageuka kivuli chenye vidoti vidoti. Na mimi nilitaka vyote viwili, uso wake na ule ukijani wa chai nje. Ndipo nikapata habari za raw. Video ya kawaida kamera inakupa ikiwa imeshapikwa kama ugali, upende usipende ni hiyo hiyo. Raw inakupa unga. Ukifika kwa kompyuta unalifungua giza mwenyewe, dirisha unalituliza, na kile lenzi ilichokiona bado kiko.

Kamera mpya za kufanya hivyo si za mfuko wangu. Lakini ziko DSLR kuukuu, zile kamera nzito za wapiga picha, ambazo watu wenye akili zao wamezitungia programu ndogo. Unaitia kwa kadi, na kamera iliyokuwa ikipiga picha za pasipoti inaanza kurekodi raw, jambo ambalo kiwandani hawakulipanga kabisa. Shida ni kuchagua ipi.

Nilichagua kwa miezi minne. Chepilat kulikuwa na moja nzuri machoni, nyepesi, lakini ilitumia ile kadi ndogo na haikuweza kuandika haraka. Sekunde kumi, imekata. Silibwet nikapata inayotumia kadi kubwa, nikamulika tundu la kadi na tochi ya simu, nikaona pini mbili zimelala. Nikairudisha. Nyingine nilifunika lenzi na kiganja nikarekodi giza tupu, na ndani ya lile giza nikakuta doti nyekundu zimejaa. Hiyo nayo nikaikataa. Kila nilipokataa nilijiona mjanja sana.

Mama alikuwa akinipigia simu. "Hiyo kitu ulipata?"

"Bado, mama. Natafuta mzuri."

"Si hata ile ya simu ni mzuri tu? Mimi niko hapa, hii makaa iko hapa."

Nikakasirika. Hasira zangu ziko karibu, na nilizirithi kwake. Nikamwambia hajui mambo ya kamera. Kweli hakuyajua, lakini hiyo haikuwa sababu ya kumkatia simu.

Mwishowe nikaipata Kericho mjini, kwa mwenye duka mmoja ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka upande wa Nyeri. Aliniangalia nikiigeuza ile kamera mara ya nne, mvua ya mchana ikipiga mabati, akacheka. "Madam, hata mchumba hakaguliwi hivi. Mchagua jembe si mkulima. Utalima lini?" Ilikuwa nzito, mpira wa kushikia umebanduka pembeni, na imeshapiga picha maelfu, lakini hilo kwa video si neno. Pini zilisimama wima, giza lake lilikuwa giza safi, na kadi ilikuwa ya ile kubwa. Nikalipa, nikaikumbatia chini ya koti mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa tayari. Alikuwa ameosha vibuyu, sotet mbili, na kijiti cha senetwet kilikuwa kinaungua mekoni. Huo ndio mti ambao makaa yake tunasugua ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa, ndipo mursik ipate ile harufu na ile rangi ya majivu. Wanawake wa kwetu wanajulikana kwa vibuyu vyao, na mimi binti yake wa pekee sijawahi kutengeneza hata kimoja. Nilipiga magoti mbele yake nikaanza kurekodi. Kwenye skrini kuna alama ndogo inayokuonyesha kama kadi inaweza kuandika: ikiwa kijani ni sawa, ikiwa njano jihadhari, ikiwa nyekundu itakata. Macho yangu yalikuwa hapo. Mkono mmoja ulikuwa kwa lenzi, nisipoteze fokasi. Mama aliongea dakika zote saba, na mimi nilikuwa nikijibu "mm," nikisubiri njano irudi kijani.

Nilipofungua ile video nilidhani spika zimekufa. Kumbe programu ile, kwa namna nilivyoipanga, inahifadhi picha peke yake, na sauti unarekodi kando. Wanaotumia raw wanajua, isipokuwa mimi niliyesoma kila kitu kuhusu pini na doti. Nilipomwambia mama alicheka mpaka akakohoa. "Basi rudi Jumamosi. Vibuyu haviendi mahali."

Jumamosi hiyo nilikuwa na harusi, na iliyofuata, na Desemba yote. Januari akalazwa Kapkatet, akatoka, akalazwa tena. Hatukumrudisha nyumbani akiwa hai.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwepo. Hatua mbili tu mbele yake. Nimekaa na hiyo video nikijaribu kukumbuka hata neno moja, na ninachokumbuka ni ile alama ya kijani. Ninammisi mama vibaya sana, na sina hata pa kuanzia.

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja kunitembelea. Yeye na mama walifundishwa vibuyu katika jiko moja, na mama yao. Nikamwekea kompyuta mezani. Mara ya kwanza alitazama akifuta macho na kona ya leso. Mara ya pili akavaa miwani.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Maneno mingi siwezi jua." Akaendelea kutazama, halafu akagusa skrini na kidole. "Lakini hapa anakuambia shika."

"Shika nini?"

"Si hiyo sotet. Mmoja anashika chini, mwingine anasugua. Sisi tulikuwa tunashikiana hivyo tangu wasichana. Na huyu mkono wake ulikuwa umeanza kuchoka, huoni?"

Nikarudisha nyuma. Kwa muda wote huu nilidhani hapo mama anaionyesha kamera kibuyu, na nilikuwa nikijisifu kwa ile picha, jinsi fokasi ilivyokifuata bila kupotea. Anakinyoosha kwangu, midomo inaenda, anangoja. Anakirudisha, anasugua kidogo, anakinyoosha tena. Mara ya tatu ananitazama kwa muda, anatabasamu, anakibana katikati ya magoti na kuendelea peke yake.