Mama Mkwe Alivyonitia Tone la Jicho

Usiku ule nililala mapema, tena nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Mtu aliyekusudia kumfanyia mwenzake ubaya angalau angegaagaa kitandani. Mimi nilifunga mlango, nikajifunika shuka na kulala fofofo, kama mtu aliyemaliza kazi zake zote.

Kuku wangu walikuwa wameanza kufa. Wiki moja kabla tulikuwa tumefanya arobaini ya mama mkwe wangu, Mama Zaina, aliyefuga kuku wa kienyeji hapa Singida maisha yake yote. Nilipoolewa sikujua hata kumshika kuku miguu, na yeye ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kuweka jivu pembeni mwa banda ili kuku waogee na chawa wawatoke. Alinifundisha kumgusa kuku gole jioni, pale chini ya shingo chakula kinapokaa, nijue analala na njaa au ameshiba. Vifaranga wawe na mahali pao pa kulia ili wakubwa wasiwapokonye. Na lile alilolisema mpaka likanichosha masikio: kuku mgeni akae peke yake wiki mbili, hata akiletwa na nani.

Hilo ndilo lililonishinda. Siku ya arobaini shangazi zake mume wangu walikuja na kuku wanne, wamewabeba kwapani, kuku wa heshima ya marehemu. Huku kwetu huwezi kumpokea kuku wa namna hiyo ukaenda kumfungia pembeni, mbele ya macho ya aliyemleta. Ni sawa na kumwambia amekuletea uchafu. Nikawafungulia banda, wakaingia pamoja na wenyeji, na shangazi wakafurahi. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, nayo ilikuwa imepitiliza muda wake. Kila miezi mitatu mama ndiye aliyetukumbusha, na sasa mama hakuwepo. Baada ya siku chache jogoo mmoja kati ya wale wageni akaanza kusinzia mchana. Kesho yake mtetea wangu akapinda shingo, mwingine akaharisha kijani, na hapo nikajua.

Nilichofanya baada ya kujua ndicho nilichokilalia usingizi. Nilichagua mitetea wanane walioonekana wazima, nikawatia kwenye matenga mawili, kisha nikampigia simu wifi yangu Zaina, binti pekee wa marehemu. Zaina ni mjane, anaishi kijiji cha pili, na kuku ndio wanaomsomeshea watoto. Miaka yote alikuwa akiniomba mbegu ya kuku wa mama na mimi nikimpiga chenga, mara mayai hayajaatamiwa, mara vifaranga bado wadogo. Jioni ile ghafla nikawa mkarimu. Nikamwambia aje asubuhi achukue kuku wa mama yake. Alinishukuru, akaniombea dua palepale kwenye simu, na mimi nikaitikia amina.

Nilijiambia kwamba nawaokoa. Wakipona kwake, mbegu haitapotea, na nitakwenda kuomba vifaranga. Kwamba wangeweza kuubeba ugonjwa hadi ndani ya banda la Zaina nililijua vizuri kabisa, ila niliamua kujifanya hamnazo.

Basi nikalala, na nikajikuta nimesimama bandani, jua la saa sita linawaka. Banda halikuwa na paa, lakini jua lenyewe halikuwa na joto. Kuku wote walikuwepo, hata waliokufa, hata wale tuliokwisha kuwala miaka ya nyuma, na hakuna aliyetoa sauti. Anayefuga kuku anajua kwamba kimya cha namna hiyo hakipo duniani, kwa sababu kuku hata akilala hunong'ona. Halafu nikamwona mama ameketi kwenye kigoda chake katikati yao, amenipa mgongo, anafanya kazi.

Anamchukua kuku mmoja mmoja. Anafunua bawa, anapuliza manyoya kwa chini, anatazama ngozi. Anagusa gole. Anafungua mdomo na kunusa. Kisha anamweka chini upande wa kulia, na kuku anakaa palepale alipowekwa. Mikono ni ileile, kidole cha shahada kina kovu lake la kudonolewa, ila ule mtetemeko wa miezi ya mwisho umekwisha. Nataka kumwamkia na ulimi hauinuki. Najua kwamba amekufa. Nilimwosha mwenyewe pamoja na wanawake wenzangu. Lakini namtazama akifanya kazi na naona haya kusogea, vilevile nilivyoona haya siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake.

Anafika kwa wale wanane. Sijui wametokaje kwenye matenga. Hawa anawashika muda mrefu kuliko wengine. Mmoja wa kijivu mwenye kishungi anamweka sikioni, anamsikiliza kifua kama tunavyosikiliza redio ambayo betri zake zinakwisha, kisha anamweka upande wa kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Wote wanane wakaenda kushoto, na nilipotazama upande ule, niliona ndiko walikokaa waliokwisha kufa.

Mara banda likawa chumba alichofia. Maranda ya bandani yalikuwa bado sakafuni na kuku wamekaa vilevile, lakini sasa kulikuwa na kitanda chake cha kamba na dirisha lake dogo. Mama amesimama, ameshika kichupa cha chanjo, kile kidogo chenye ncha, ambacho alikuwa akikifunga kwa kitambaa kibichi ili kisipate joto njiani kutoka mjini. Nikadhani atawatia kuku tone la jicho, kama kawaida. Nilitaka kumwambia, mama, tumechelewa, chanjo haimponyi aliyekwisha kuumwa, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Lakini hakuwatazama kuku. Alinijia mimi.

Akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto, namna anavyomshika kuku, kidole gumba chini ya taya, akanilaza upande. Mkono ule haukuwa na ukali wowote. Nilikuwa mdogo ndani yake, mwepesi, na sikuogopa kuanguka. Akaniinulia kope. Tone likaning'inia kwenye ncha ya kichupa, likakaa pale muda mrefu mno, na ndani yake niliona dirisha zima na mwanga wake. Kisha likadondoka. Lilikuwa la baridi. Mama akaningoja nipepese, maana kuku asipopepesa tone halijaingia na hupaswi kumwachia. Nilijua ananingoja. Sijui kwa nini niliogopa kupepesa, lakini niliogopa kama sijawahi kuogopa kitu, na yeye hakunihimiza. Nikapepesa. Ndipo akaniachia.

Nilipofumbua macho tulikuwa mbele ya ua wa Zaina.

Nimefika kwa wifi yangu mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kupaona. Uani pamefagiwa. Mashudu ya alizeti yamechanganywa na pumba kwenye sinia. Viota vimeinuliwa kutoka chini, kila mtetea na chake, na mayai yanayoatamiwa yamewekwa alama ya mkaa, ili likitagwa jingine juu yake lijulikane na liondolewe. Kila kitu mama alichonifundisha kilikuwa pale, na kilifanywa kwa makini kuliko kwangu. Na kuku wale walikuwa na sauti! Walichakura, waligombana, mmoja alikuwa ametoka kutaga na anatangazia dunia nzima. Baada ya kimya kile, kelele zao ziliniingia mwilini nikahisi machozi. Sikuwahi kujua kwamba kuku wazima ni kitu kikubwa hivyo.

Nikainua mguu niingie. Mama akanyoosha mkono, akanizuia kifuani bila kunigusa, akatazama chini. Na mimi nikatazama.

Miguu yangu ilikuwa imejaa kinyesi cha kijani mpaka kwenye vifundo. Nikageuka nyuma. Nyayo zangu zilionekana njia nzima kutoka nyumbani kwangu, zimepita mabondeni na kati ya yale mawe makubwa ya kwetu, na katika kila unyayo alilala kuku mmoja amepinda shingo. Kuku wa watu nisiowajua. Nikageuka tena mbele. Ilikuwa imebaki hatua moja.

Mama akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Sikuona hasira. Ningeona hasira ningejitetea, maana kujitetea nakuweza. Alinitazama kama mtu anayejua yote, simu na dua na ile amina yangu, na bado ananipenda.

"Tatu," akaniita kwa jina langu, "kuku wako wakae kwako."

"Watakufa wote, mama."

"Wafe kwako."

Nikainamisha kichwa. Nikasikia anavuta pumzi, ile pumzi yake ndefu ya kabla ya kusema jambo la mwisho.

"Na mwanangu umwambie kwa mdomo wako."

Akaingia uani kwa Zaina. Miguu yake ilikuwa safi. Kuku hawakushtuka wala hawakumpisha, walimzunguka tu wakiendelea na mambo yao, na yeye akainama, akachukua chungu chao cha maji, akakisuuza, akaanza kukijaza taratibu. Nilisikia maji yakiingia. Sauti ile ikaendelea, ikaendelea, mpaka nikatambua kwamba nimelala chali nikitazama mabati ya nyumba yangu, na mwadhini anaadhini.

Jicho langu la kulia lilikuwa limelowa, la kushoto kavu. Mimi si mtu wa ndoto, huwacheka majirani wanaoamka na habari za marehemu zao. Lakini sikuthubutu kulifuta jicho lile. Niliketi kitandani na maji yake yakiniteremka shavuni, nikamsikiliza mwadhini mpaka alipomaliza.

Nikatoka kwenda kwenye matenga. Yule wa kijivu alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Wengine walionekana wazima bado. Nikawarudisha wote wanane bandani mmoja mmoja, nikafunga komeo, na sikuwa nimenawa mikono niliposikia kengele ya baiskeli.

"Hodi wifi! Nimekuwahi!"

"Simama hapohapo!" nikapiga kelele. "Usiingie! Usikanyage huku!"

Zaina akasimama nje ya uzio wa miti, baiskeli mkononi, tenga tupu limefungwa nyuma. Tabasamu bado lilikuwa usoni mwake, halijui liende wapi.

"Kuna nini?"

"Kideri. Kimeingia tangu juzi." Ningeweza kuishia hapo na angenishukuru mara ya pili. "Jana nilipokupigia nilikuwa najua."

Zaina aliyatazama matairi yake, akarudi nyuma na baiskeli mpaka barabarani. Nikasubiri matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea yote.

"Sasa kwa nini umeniambia?"

"Mama amekuja usiku. Amenikataza."

"Mama yupi?"

"Mama."

Akaiachia baiskeli, ikaanguka kando ya njia, wala hakuitazama.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Lile gauni la kahawia la bandani. Lenye mfuko uliochanika."

Zaina akajishika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakamtikisika. Alipoweza kusema, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Mimi hajanijia, wifi. Tangu tumzike, hata siku moja. Nalala nikimwita."

Nilitaka kukimbia nimkumbatie. Nikaitazama miguu yangu iliyotoka bandani, nikabaki nilipo, tunalia kila mmoja upande wake wa uzio.

"Kwangu alipita tu," nikamwambia. "Alikuwa anakwenda kwako. Nimemwacha uani kwako, anawajazia kuku maji."

Zaina akainua baiskeli, akaigeuza kuelekea kwao, na akaondoka akikanyaga kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kuna mgeni.