Kipande Kinachokaribia Kuchelewa

Tarehe 9 Machi mwaka huu, kampuni ilifuta kanuni ya mhandisi wake wa ratiba na kuweka ya mkurugenzi. Kampuni hiyo hurusha harusi moja kwa moja mtandaoni, na simu za watazamaji ndizo zinazopokezana vipande vya video. Mhandisi hupanga kipande kipi kimfikie nani kwanza. Yeye alitanguliza kipande kinachokaribia kuchelewa. Mkurugenzi anatanguliza simu zenye mtandao wa kasi, eti ndizo zinazosaidia kuwagawia wengine vipande. Kila harusi mhandisi huitazama kwenye simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ameishika kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa. Picha ikiganda, husonya. Wenzake, wanaotazama skrini kubwa ya ukutani, humwita Bibi Kobe.

Juzi picha iliganda bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anashika pete. Baba wa bibi harusi alikuwa akitazama kutoka kitanda cha hospitali, kwa mtandao hafifu. Picha ilipofunguka, watu walishaanza kukata keki.

“Dada, usikuze mambo,” mkurugenzi alimwambia. “Karibu wote wameona vizuri.”

“Baba mtu hakuona, bosi.”

“Simu yake haimgawii mtu.”

“Kwani alialikwa aje kugawa?”

Hakupaza sauti. Alizima skrini ya ukutani, akamwekea mkurugenzi ile simu kuukuu mkononi. Jumamosi kuna harusi nyingine. Mhandisi amekataa kuiwasha kanuni ya mkurugenzi, ambayo huwashwa upya kila harusi, kwa hiyo mkurugenzi ataiwasha mwenyewe.