Swali la Kalunde

Harufu ya majani ya tumbaku ikinipitia, hata leo nilivyo mtu mzima, miguu yangu huanza kucheza chini ya meza. Hunirudisha Isevya, nikiwa darasa la sita, kwenye chumba cha wanafunzi viziwi pale shuleni kwetu.

Mimi nilikuwa nasikia vizuri, ila sikutulia. Mwalimu Tatu, aliyefundisha chumba kile peke yake, aliona dawa yangu ni kazi. "Mikono yako haikai, wewe Zuhura," aliniambia. "Njoo unisaidie nayo." Basi kila mchana nikawa msaidizi wa mwalimu katika lugha ya alama, somo nisilolijua hata chembe. Watoto wadogo kwangu walinishika vidole na kuvirekebisha, wakicheka bila huruma. Nikitaka kusema "maji", sijui nilisema nini, labda "mbuzi". Jasho lilinitoka. Kila siku niliapa sirudi, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika.

Mwanafunzi mmoja tu, Kalunde, hakunicheka. Aliletwa kutoka kijiji cha Ipole akijua kunyoosha kidole tu, tukajifunza pamoja, neno kwa neno. Naye hakutulia; mlango ukifunguliwa, aliruka kutazama nani anaingia.

Siku moja akaingia baba yake, nguo zikinuka tumbaku. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda zahanati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua binti yangu. Sioni anachojifunza hapa."

"Anaongea siku hizi," nikamwambia. "Muulize chochote, nitamfikishia."

Kabla hajafungua kinywa, mikono ya Kalunde ilikwenda mbio. Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Anasemaje?"

"Anauliza mama yuko wapi."

Yule baba alijikalisha kwenye dawati dogo. Akanieleza kwamba mkewe alifariki kabla Kalunde hajaletwa shuleni. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani, maana hakuna aliyejua kumweleza.

"Mwambie aliugua, akafa," akasema. "Mimi sikuwa na namna."

Alama ya kufa sikuijua. Nilichungulia dirishani, Mwalimu haonekani. Nikalaza shavu kwenye kiganja: mama amelala. Kisha nikatikisa kichwa: haamki. Nikarudia, haamki. Kalunde alinitazama, akamtazama baba yake aliyekuwa akilia waziwazi, akaenda kumkalia mapajani, msichana mkubwa vile.

Baba aliondoka peke yake. Kabla ya kuondoka aliuliza "baba" inasemwaje kwa mikono, na Kalunde akamkunja vidole vyake vigumu, kimoja kimoja.

Kwa miaka mingi niliamini nilimfanyia mtoto yule ukatili kumwambia vile, na wazo hilo lilininyima raha. Kisha mama yangu akafa. Watu wakanizunguka, wakanisimulia alivyougua, aliyoyasema, alivyonitaja mwishoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Kalunde alikuwa ameishi muda wote ule, kabla sijamwambia, akidhani mama yake yuko hai mahali fulani, ila hamtaki tena mwanawe.